Jiwe la sinhalite lililofanya tumuite shangazi yetu mwizi miaka minane

Wakuu, salamu kutoka Meru. Huku mvua imeanza na barabara ya kwetu tayari ni matope.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu. Leo wacha na mimi niandike. Haya yalitokea kwetu nyumbani nikiwepo, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Majina ya watu nimebadilisha. Jina la jiwe ni lile lile.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Kaaga. Ndiye yule mtu wa koti jeupe anayeosha beaker baada ya practical. Kwetu ni Mikinduri.

Babu yangu, baba ya babangu, alifanya kazi Tanzania miaka mingi kabla sijazaliwa. Alikuwa anachagua na kupanga mawe ya vito kwa tajiri mmoja wa huko. Alipoacha kazi, tajiri wake akampa jiwe moja lililokatwa tayari, kama asante.

Ni jiwe la ukubwa wa punje nene ya mahindi. Rangi yake ni ya strungi, chai isiyo na maziwa. Ukiliinua kwa mwanga na kulizungusha, linabadilika kidogo, mara kahawia iliyokolea, mara kama asali, mara ukijani unachungulia.

Babu alipofariki, shosho, yaani bibi yetu, akampa binti yake wa pekee alihifadhi. Huyo ndiye Tata Kagendo, dada ya babangu. Sisi kwetu shangazi tunamwita Tata. Ameolewa upande wa Embu, karibu na Runyenjes, wana kahawa na makadamia.

Tata alikuwa mtu wa kufuata mambo vizuri. Alilipeleka jiwe kwa sonara Nairobi ajue ni nini. Sonara akaliangalia na lenzi yake, akaona kingo za nyuma zinaonekana mara mbili mbili, akaona na rangi, akasema hii ni peridot ya kahawia. Akamwandikia cheti. Kikawekwa kwa faili Embu, jiwe likawekwa kwa sanduku, maisha yakaendelea.

Sasa shida.

Shosho alianguka bafuni akavunjika nyonga. Daktari akasema ni upasuaji. Tukakaa kama familia, ikakubaliwa jiwe liuzwe. Tata akalileta mwenyewe Mikinduri, limefungwa kwa leso, akamkabidhi babangu. Baba na ndugu yake mdogo wakalipeleka kwa mnunuzi wa mawe Nairobi.

Yule mnunuzi alikuwa na kichupa cha dawa fulani nzito. Peridot ukiitia humo hushuka polepole, karibu ielee. Jiwe letu lilianguka chini kama msumari.

Akawarudishia. Akasema, "Wazee, hii si peridot. Ni nzito sana. Sijui ni nini, inaweza kuwa imetengenezwa kiwandani. Mimi sinunui kitu sijui."

Akalikunja kwa kikaratasi, akaandika juu yake uzito, 11.42, na chini yake NOT PERIDOT.

Baba alirudi na hicho kikaratasi kwa mfuko wa shati, na alikuwa amebadilika uso.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, watu walijaa kwetu. Wajomba, majirani wawili, mzee mmoja wa kanisa. Mambo ya upasuaji yalikuwa yaongelewe, na Tata alikuja kwa sababu hiyo. Alikuwa amebeba ndizi.

Tuliongea Kimeru siku hiyo, mimi nawaandikia kwa Kiswahili.

Baba alisimama akasema, "Mimi sijasema mtu ni mwizi. Ninauliza tu. Jiwe liliingia kwa nyumba ya Kagendo likiwa peridot. Limetokaje likiwa kitu kingine?"



Tata akasema, "Hilo ndilo jiwe mama alinipa. Sina lingine."

"Cheti kinasema peridot. Wewe ndiye ulituambia."

"Nilisema kile niliambiwa."

Baba mdogo akaingilia, "Basi labda ni huko Embu lilibadilishwa, na wewe hukujua." Akiangalia kando. Maana yake ilikuwa mume wa Tata, na kila mtu alielewa.

Tata akasema cheti kiko nyumbani, anaweza kukileta. Baba akamjibu, "Karatasi inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Na mtu akibadilisha jiwe, si atatafuta la kufanana?"

Tata alituangalia mmoja mmoja. Alinifikia na mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimetoka tu college na diploma ya mambo ya maabara, nimesoma density, nimesoma mwanga, nimesoma kila kitu. Niliangalia viatu vyangu.

Alichukua leso yake akaenda. Ndizi zilibaki pale mlangoni.

Upasuaji ulifanyika, kanisa liliita harambee na Baba akauza ng'ombe wawili. Shosho akapona lakini akawa wa kutembelea fimbo. Kila mara alikuwa anauliza, "Kagendo haji?" Tunamwambia ana kazi nyingi ya kahawa.

Maneno nayo yana miguu. Yalifika Embu. Kanisani kwao Tata alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Hakuna mtu alimfukuza, lakini walianza kunyamaza akiingia. Akajitoa mwenyewe.

Shosho alifariki miaka mitano baadaye. Tata alikuja mazishini, akaketi nyuma na majirani kama mgeni. Mwenye kuendesha shughuli aliposoma majina ya watoto wa marehemu, alimsoma wa mwisho ingawa ni wa pili kuzaliwa. Kabla chakula kipakuliwe alikuwa ameenda.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Miaka minane kwa jumla.

Sasa nije kwa sehemu ya maabara. Mtanivumilia kidogo.

Mwaka jana Baba alikuwa anahamisha vitu kwa nyumba mpya. Akapata kile kikaratasi kwa mkebe wa biskuti, jiwe likiwa bado ndani. Akanirushia. "Peleka hiyo takataka huko kwa lab yenu, uonyeshe watoto."

Nikaitia mfukoni. Sikuwa na nia yoyote nzuri, msinipe sifa.

Wiki hiyo Form Three walikuwa wanafanya density. Nikaona badala ya kile chuma cha kila mwaka, wacha nijaribu na hili jiwe kwanza mimi mwenyewe. Tuna mizani moja nzuri inayosoma gramu hadi desimali tatu, tulipewa na college fulani ilipokuwa inabadilisha vifaa.

Unapima jiwe likiwa kavu. Halafu unalifunga na uzi mwembamba wa nailoni, unalining'iniza ndani ya maji, unapima tena. Kile kimepungua ndicho kinakuambia jiwe limechukua nafasi kiasi gani. Ukitia tone la sabuni ya vyombo, mapovu hayashiki kwa jiwe.

Kavu lilikuwa 2.284. Ndani ya maji lilipungua 0.656. Gawanya, unapata 3.48.

Nilirudia mara nne nikidhani nimekosea. 3.48.

Glasi ya kawaida huwa kama 2.5. Peridot ni 3.34 hivi. Kwa hivyo yule mnunuzi alikuwa sawa, si peridot. Lakini glasi ya chupa pia si yenyewe.

Nikaanza kutafuta. Jiwe la kahawia, linaloonyesha kingo mara mbili, linafanana na peridot lakini ni zito kuliko peridot. Jina moja lilikuwa linarudi kila mahali. Sinhalite.

Wakuu, sikuwa nimewahi kusikia hilo jina maishani.

Limetokana na jina la zamani la Sri Lanka, ndiko lilijulikana kwanza. Na mnajua nini? Hadi miaka ya hamsini, wataalamu wakubwa wa dunia walikuwa wanaliita peridot ya kahawia. Lilikaa makumbusho na lebo isiyo yake. Mpaka watu walipolichunguza kwa X-ray ndio wakajua ni madini tofauti kabisa. Baadaye likapatikana Burma, na Tanzania pia.

Ndani yake kuna magnesium, aluminium na boron. Boron ndiyo ile mnapulizia kwa makadamia zisiangushe maua. Borate, yaani madini yenye boron, nyingi ni laini, zingine kama borax zinayeyuka kwa maji, ndiyo maana nyingi utazipata mahali pakavu ambapo ziwa lilikauka. Hii ni ya aina nyingine. Ilipikwa ndani ya mwamba kwa joto kali, inakwaruza glasi ya dirisha, na ukiiacha kwa maji hata mwaka haiyeyuki. Ni borate ngumu na ni nadra.

Lakini namba moja haithibitishi kitu. Kuna mawe mengine yana uzito karibu na huo. Kwa hivyo nilichukua ruhusa siku moja nikaenda Nairobi kwa mama mmoja mtaalamu wa vito, nilielekezwa na rafiki.

Aliliweka kwa vyombo vyake, kimoja baada ya kingine. Mwishowe akaniita niangalie kwa kimrija fulani kinachopasua mwanga kuwa rangi za upinde.

"Unaona mistari ya giza kwa bluu?"

"Naona."

"Hesabu."

"Minne."

"Peridot ina mitatu. Hiyo ya ziada ndiyo sahihi ya sinhalite. Na vipimo vingine vyote vinakubaliana." Akalitoa, akalifuta. "Wengi wamekosea na hili jiwe. Yule aliyeandika peridot hakuwa mjinga, alikuwa na haraka tu."

Nilitoka pale nikaketi kwa ngazi ya lile jengo. Watu walikuwa wananiruka.

Kwa sababu hapo ndipo nilielewa. Sonara wa kwanza alikosea jina. Yule mnunuzi akasema ukweli nusu. Na katikati ya hao wawili, mtu ambaye hakuwa amefanya chochote akaitwa mwizi.

Lakini bado kulikuwa na swali moja ambalo Baba angeuliza. Nitajuaje kwamba hili ndilo jiwe la kwanza? Ilibidi niende Embu nione kile cheti.

Sikupiga simu. Niliogopa angekataa.

Nilimpata Tata nje, ameketi kwa kiti kifupi, anachambua makadamia, mbovu kando. Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe mbele. Aliniona kutoka kwa lango akasimama, mkono kifuani.

Neno la kwanza alilosema ni, "Nani amekufa?"

Wakuu, hilo swali sitalisahau. Maanake kwa miaka minane, hiyo tu ndiyo sababu mtu wa kwetu angemtafuta.

Nikamwambia hakuna, Tata, wote wako sawa. Nikamweleza nimekuja kwa sababu ya jiwe. Akaketi tena. Akaendelea kuchambua.

"Hilo jiwe bado liko?"

"Liko. Tata, ile karatasi ya sonara bado unayo?"

Alienda ndani akarudi na faili. Ni ile faili ya vyeti vya shule vya watoto wake, vya ubatizo, na hati ya shamba. Cheti kilikuwa kwa mfuko wa plastiki, safi kabisa.

Peridot, kahawia. Karati 11.42. Na chini, kwa mwandiko wa mkono, ufa mdogo kama ukucha karibu na ukingo.

Nikatoa kikaratasi cha yule mnunuzi. 11.42. Gramu zangu 2.284 ukizigeuza kuwa karati ni 11.42. Nikatoa lenzi, nikalitafuta jiwe ukingoni. Ufa ulikuwa pale, mdogo, umepinda kama ukucha wa mtoto.

Zile karatasi mbili hazikuwa zimewahi kukaa kwa meza moja. Moja ilikuwa Mikinduri, nyingine Embu, na katikati watu hawaongei.

"Tata," nikasema, "ni lile lile. Halikubadilishwa. Tena ni adimu kuliko peridot. Hakuna mtu angeiba peridot akaacha hili."

"Najua ni lile lile."

"Nimepima..."

"Mwenda," akaniita kwa jina. "Najua."

Alipasua makadamia moja kwa jiwe la kupasulia, akanipa kokwa. Nikaishika tu.

Halafu akasema polepole, bila hasira, "Kwa hivyo jiwe limenitetea. Mimi nilijitetea na mdomo wangu, mbele ya ndugu zangu, haikutosha. Ilibidi mtu apime."



"Na wewe ulikuwepo," akasema. "Ulikuwa umesoma. Nilikuangalia, nikasema huyu atauliza hata swali moja."

Nikamwambia nisamehe Tata. Nilisema nikiwa nimeinama. Nilipoinua kichwa alikuwa anajifuta macho na pindo la leso.

"Lina nini ndani hilo jiwe?" akauliza.

Nikamweleza, nikafika kwa boron. Nikamwambia ni ile ile wanapulizia makadamia.

Akaanza kucheka. "Yaani nilikuwa nimeweka mbolea kwa sanduku!" Akacheka mpaka mume wake akatoka ndani kuangalia ni nini. Yule mzee alinisalimia kwa mkono mmoja, akarudi ndani. Simlaumu.

Wakati wa kuondoka Tata akanisindikiza mpaka kwa lango. Akasema, "Mwambie babako mimi sina neno na yeye. Lakini aliniuliza mbele ya watu. Anijibu mbele ya watu."

Baba hakulipokea vizuri. Kwanza alisema hayo ni mambo ya mashine. Halafu akasema hata wataalamu hudanganya. Halafu akanyamaza siku tatu.

Jumamosi moja akaja Kaaga bila kusema anakuja. Nikamfungulia maabara. Nikafunga jiwe na uzi mbele yake, nikapima, nikampa miwani yake asome namba mwenyewe. Akaziandika kwa kiganja na kalamu. Nikamwekea zile karatasi mbili sambamba, na lenzi, nikamwonyesha ufa.

Aliangalia muda mrefu. Babangu ni mtu wa miaka sabini na kitu, mzee wa kanisa, si mtu wa kuonekana ameshindwa. Aliketi kwa stuli ya wanafunzi, miguu haifiki chini vizuri.

"Mama aliniuliza," akasema. "Kila wiki. Kagendo haji? Na mimi ndiye nilikuwa najibu."

Niliosha beaker ambayo ilikuwa safi.

Aliita watu. Wale wale, isipokuwa jirani mmoja ambaye ameshafariki, na baba mdogo ambaye alisema ana safari. Bado ana safari mpaka leo. Tata alikuja na mume wake, wakaketi karibu na mlango.

Baba alisimama akashika kiti. "Siku ile niliuliza swali," akasema. "Halikuwa swali. Nilikuwa nimemhukumu dada yangu. Jiwe ni lile lile. Aliyekosa ni mimi, na nilimkosea mama yetu pia. Shemeji, na wewe tulikusingizia. Nisameheni."

Ni hayo tu. Alikuwa ameandika karatasi nzima, hakuisoma.

Tata alisema, "Nimesikia." Yule shemeji aliinama kichwa kidogo.

Nilitarajia kukumbatiana na nyimbo. Hakukuwa na hiyo. Chai ilinywewa, watu wakaongea juu ya mvua na bei ya miraa. Halafu Tata akamwambia Baba, "Nionyeshe mahali mama yuko. Siku ile sikusogea karibu."

Wakateremka wawili hadi nyuma ya migomba. Mimi nilibaki juu, niliwaona tu kwa mbali. Tata alipiga magoti, akaokota udongo akaumwaga juu ya kaburi, ule wa mtoto kumzika mzazi wake. Babangu alikuwa amesimama nyuma yake, amemshikia mkoba kwa mikono miwili.

Walikaa huko mpaka chai ikapoa.

Sasa hivi wanaongea kwa simu, si sana. Bado kuna mahali maneno yanakwama. Kanisani kwao Embu walimwomba arudi kwa uenyekiti akakataa, akasema amezoea kuketi nyuma. Jiwe analo yeye. Hatujaliuza na hakuna mtu ameuliza.

Funzo langu, wakuu. Mimi ni mtu wa vipimo na ninaviheshimu. Lakini naona aibu kwamba nilihitaji desimali tatu ili niamini mtu ambaye alinibeba mgongoni. Sonara alikosea jina la jiwe, hiyo ni kawaida, hata makumbusho yalikosea. Sisi tulikosea mtu, na tulikuwa tunamjua. Shosho hakungoja mpaka tumalize kupima.

Kama kuna mjuzi wa madini humu, nirekebishe nilipoeleza vibaya habari za sinhalite, sitakasirika. Na kama kuna mtu kwenu ambaye mlimhukumu kikao kizima na hakuna aliyemuuliza vizuri, tuambie iliishaje. Au kama bado haijaisha. Ninasoma comments zote.